Masika yasitukute mitaro imeziba

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, jijini Tanga. Masika yetu huanza Machi, na kwa kawaida Mei ndiyo hutumwagia mvua nyingi kuliko miezi yote. Jambo hili kila mtu analijua. Kwa nini basi mitaro husafishwa maji yakiwa yameshaingia ndani?

Mji wetu ni tambarare, uko kando ya bahari. Mvua kubwa ikikutana na maji ya bahari kujaa, maji ya mtaani hayana pa kwenda. Yanasimama kutwa nzima, yakichanganyika na ya vyooni. Mwaka juzi nilimbeba mama yangu mgongoni kumtoa chumbani, maji magotini. Sitaki kuyaona tena.

Tusidhani vimbunga ni vya wenzetu tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia, na mwaka 1952 Lindi ilipigwa vibaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari mapema, lakini bibi asiye na simu atazisikiaje? Naomba zisomwe kwa vipaza sauti misikitini na makanisani, na wavuvi waambiwe pwani kabla ya kutweka. Mitaro izibuliwe Februari, kaskazi ikingali inavuma.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga