Kabla ya Kulipia Kifurushi Kikubwa cha Intaneti, Kagua Waya wa Ofisini

Wateja wengi wanaotupigia simu hulalamika kwamba intaneti ya ofisini mwao inasuasua, na baadhi yao huwa wamekwisha kulipia kifurushi kikubwa zaidi bila kuona tofauti yoyote. Mara nyingi kasoro tunayoikuta haiko kwa mtoa huduma, bali iko kwenye mtandao wa ndani, yaani ruta, swichi na nyaya zinazounganisha kompyuta, printa na kamera ndani ya jengo lenyewe.

Faiba ya mtoa huduma huishia kwenye ruta, ambayo ndiyo mlango wa kutokea nje na ndiyo inayogawa anwani, kwa mfano 192.168.1.20, ili kila kifaa kijulikane. Waya mmoja hutoka hapo kwenda kwenye swichi (si ile ya kuwashia taa, ingawa mafundi umeme hawaachi kututania), na kutoka kwenye swichi kila meza hupata waya wake.

Waya huo ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Ndani yake mna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi 4. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi 2 tu, ilhali ule wa megabiti 1,000 huzihitaji zote. Kwa hiyo, mojawapo ya jozi mbili za ziada ikikatika au isipokaa vizuri kwenye plagi, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi megabiti 100 bila kutoa onyo: taa huendelea kuwaka, barua pepe hufika, na mwenye ofisi anayelipia megabiti 200 hubaki akipata chini ya nusu yake. Katika ofisi moja tulikuta chanzo ni mguu wa kabati uliokuwa umekanyaga waya.

Ununuapo waya, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na sisi hatuifungi hata mteja akisisitiza. Urefu kutoka kwenye swichi hadi kwenye kifaa usizidi mita 100, na waya usilazwe bomba moja na nyaya za umeme.

Wakati mwingine kisa ni ruta ya pili ambayo mfanyakazi ameichomeka ukutani, nayo ikaanza kugawa anwani zake. Hiyo tunaichomoa tu.

Kabla ya kutuita, chukua kompyuta mpakato yenye tundu la waya, iunganishe moja kwa moja na ruta kwa waya mfupi mpya, upime kasi, kisha upime tena kwa waya wa mezani kwako. Kasi zote mbili zikiwa chini ya ile unayolipia, mpigie mtoa huduma wako. Ya mezani pekee ikiwa ndogo, tutakuja na kipimo chetu tukague waya mmoja mmoja.