Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kibali cha Kituo cha Kulelea Watoto

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati tendaji igeuze nyumba tuliyokodishwa na mwanachama mwenzetu, ile iliyo nyuma ya soko, kuwa kituo cha kulelea watoto mchana. Kituo hakijafunguliwa. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo mnalotaka kulijua, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ucheleweshaji tuliusababisha wenyewe, mimi nikiwa wa kwanza.

Haja ya kituo haijapungua. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4. Lakini akina mama wengi wa mtaa wetu wanauza nyanya, samaki wakavu na nguo za mitumba, wala hawana mwajiri wa kuwapa hata siku moja. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1997, inampokea mtoto akiwa na miaka sita. Chini ya hapo Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeacha malezi na elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi na jumuiya. Ndiyo maana watoto wa miaka miwili na mitatu wanashinda chini ya meza za soko, na ndiyo maana hatuoni sababu ya kungoja serikali ije kutujengea.

Sasa niwaeleze kosa letu. Baada ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kutuandikia barua yenye mhuri ya kuunga mkono mpango huu, tuliichukua kama ruhusa kamili, tukamwita fundi na kuanza kuchimba msingi wa vyoo vya watoto. Wiki ya pili afisa mipango alifika, akauliza kibali kiko wapi, nasi tukamwonyesha ile barua kwa kujiamini kabisa. Aliisoma hadi mwisho, akatuambia kwa upole kwamba inathibitisha kuwa kijiji kinatufahamu, basi. Kazi ilisimama siku hiyo hiyo. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeifanya nchi nzima ya Uganda kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hakuna kiwanja, hata kilicho pembeni kabisa mwa mji, ambacho mtu anaweza kukiendeleza bila kibali cha kamati ya mipango. Kubadili matumizi ya nyumba ni uendelezaji pia, hata kama hukuongeza tofali moja. Nyumba yetu imo katika eneo la makazi. Kulea humo watoto wa watu wengine kila siku ni matumizi mengine, na hilo ndilo tulilopaswa kuliombea idhini kabla ya kufikiria vyoo.

Tulipoandaa maombi upya, tulikwama mahali ambapo hakuna kati yetu aliyepatazamia. Mkataba wetu wa kukodi ulikuwa na sahihi ya mwenye nyumba peke yake, bila ya mkewe. Kiwanja hicho ni ardhi ya familia, nao wenyewe wanaishi katika nyumba ya pili uani. Sheria ya Ardhi hairuhusu ardhi ya namna hiyo kuuzwa, kuwekwa rehani wala kukodishwa bila ridhaa ya mwenzi. Mama mwenye nyumba hakuwa na pingamizi lolote. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyemuuliza, na alipoulizwa alitukumbusha, kwa haki yake, kwamba yeye ndiye angesikia vilio vya watoto kuanzia alfajiri. Alitia sahihi baada ya kukubaliana nasi kuhusu saa za kufungua na matumizi ya kisima. Namshukuru, na namwomba radhi mbele yenu.

Majirani walipopewa nafasi ya kutoa maoni, watatu walipinga. Baadhi yenu mliwasema vibaya, jambo ambalo sikulipenda. Hoja zao hazikuwa chuki: walilalamikia bodaboda zitakazojaa kwenye kichochoro chembamba asubuhi, kelele, na maji machafu yanayoweza kuelekea bonde ambalo tayari hufurika wakati wa mvua. Tulikaa nao mara mbili, tukahamisha lango likawa upande wa soko, tukauweka uwanja wa michezo mbali na ukuta wa jirani mzee ambaye hulala mchana, na tukachora mfereji wa maji upya. Wawili waliondoa pingamizi. Wa tatu anaendelea kupinga, nayo ni haki yake. Sheria inampa pia njia ya kukata rufaa.

Kamati ya mipango ilikagua kiwanja na kutoa kibali cha kubadili matumizi kwa masharti: idadi ya watoto isizidi ile tuliyoiandika katika maombi, vyoo vya watoto vitenganishwe na vya watu wazima, uzio ukamilike kabla ya mtoto wa kwanza kupokelewa, na magari yasisimame kichochoroni. Nayaona ni masharti ya haki. Hata hivyo kibali hiki hakituruhusu kujenga. Vyoo na uzio vinahitaji kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, na jengo likikamilika ni lazima lipewe kibali cha kutumika. Baada ya hapo ndipo ofisi ya elimu itakapokuja kukagua kwa ajili ya leseni.

Mweka hazina atasoma hesabu zake mwenyewe. Mimi nataja jambo moja tu: msingi tuliouchimba mapema haulingani na mchoro mpya, hivyo itabidi ufukiwe, na gharama hiyo haikuwemo katika bajeti mliyoipitisha.

Michoro iliyogongwa mhuri, barua ya masharti na mkataba uliorekebishwa viko kwa katibu, na mwanachama yeyote anaweza kuvisoma. Kamati inaomba mkutano huu uamue mambo mawili: kama mchango wa uzio utolewe kwa mkupuo au kwa awamu, na nani atakayefuatilia kibali cha ujenzi, kwa kuwa safari hii napendekeza asiwe mwenyekiti.