Barua kwa Mwanangu: Ukurasa wa Krismasi wa Bibi

Bagamoyo, mwanzoni mwa Desemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, na bibi yako anakuulizia kila siku. Nimepata habari kwamba badala ya kadi ya dukani unataka kumtengenezea ukurasa wa Krismasi katika kitabu chake cha picha, na kwamba umekwishanunua karatasi za mapambo za kila aina. Nakuandikia juu ya hizo karatasi, kwa kuwa ndizo zitakazoupendezesha ukurasa huo au kuuharibu.

Chagua picha kwanza. Ile ya mwaka jana, aliposimama chini ya miembe ya Misheni baada ya Misa, amejitanda kanga nyekundu, inatosha peke yake. Ibandike juu ya manila ya kijani inayoizidi kwa milimita 4 kila upande, kisha uweke vyote juu ya karatasi isiyo na michoro. Zile zenye michoro mingi zikate vipande vyembamba vya pembeni tu, maana macho ya bibi yamepungua nguvu, naye atautafuta uso wake kabla ya kitu kingine. Karatasi za theluji sina ugomvi nazo, ila Desemba yetu ni jua na maua ya mkrismasi, na wekundu wake unaafikiana na ile kanga.

Ukingo wa vipande hivyo usiukate kwa mkasi, bali uchane kwa mkono. Karatasi nzito iliyochapwa rangi upande mmoja huwa nyeupe ndani. Ilaze mezani, rangi ikiwa juu, ukandamize kwa mkono wa kushoto sehemu utakayoitumia, kisha uivute ya kulia kwa juu, ukiileta kwako polepole. Ile iliyobaki mezani itapata ukingo mweupe wenye nyuzinyuzi, mithili ya povu wimbi linapovunjikia mchangani. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Ua la pembeni ni rahisi kuliko linavyoonekana. Kata utepe wa sentimita 30 kwa 4, uukunje mbele na nyuma kila sentimita 1, uunganishe ncha zake mbili, kisha uubonyeze ulale kama duara na kuubandika kiduara cha manila nyuma na mbele ili usifumuke. Moja linatosha, kwa sababu mengi yatakizuia kitabu kufungika.

Gundi ya unga wa ngano usiitumie kabisa, kwani huita mende, na ile ya maji hukunja karatasi nyembamba. Tumia selotepu ya pande mbili. Magazeti nayo usiyaguse, hata kama herufi zake zinakuvutia, kwa kuwa karatasi yake hugeuka njano upesi. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini mwaka na majina ya waliomo, kwa sababu kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele.

Ukimaliza, uweke chini ya vitabu vizito usiku kucha. Safarini uubane katikati ya maboksi mawili bapa ndani ya mfuko usiopenya maji, maana unyevu wa bahari huku kwetu hulegeza kila kilichobandikwa, na usiuache kwenye buti la basi.

Wasalaam,
Baba yako