Mhariri, hii karatasi ya wapiga kelele ifutwe

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na walimu wenzangu, na wazazi pia maana nao wakipita shuleni wakakuta darasa kimya wanafurahi sana.

Kila aliyesoma Bongo anaijua ile karatasi ya majina ya wapiga kelele. Monita anasimama mbele na kalamu, anayemwogopa hamwandiki, aliyegombana naye jana anaandikwa na pembeni anawekewa "sugu", halafu ticha akija ni fimbo kwa kwenda mbele. Kesho yake kelele ziko palepale na majina ni yaleyale!

Mimi nafundisha jiografia sekondari ya kata, darasa limefurika, tangu ada ifutwe 2016 watoto wamekuja wengi na ni jambo zuri tu, ila nilichokiona ni kwamba kelele zina saa zake. Zinaanza mwalimu akigeukia ubao kuandika notsi, au akimwachia monita kitabu aandike yeye ubaoni. Anayeandika haraka keshamaliza, anayeandika taratibu keshaachwa, wote wawili hawana kazi, sasa wafanye nini kama sio kupiga stori? Na hawa wa fomu wani ndo usiseme, mtoto kasoma msingi yote kwa Kiswahili, anaingia Januari anakuta karibu kila somo Kiingereza, ukimuuliza swali anainamia dawati, tunasema jeuri huyu. Jeuri wapi, hajaelewa na anaogopa kuchekwa.

Ninachofanya siku hizi: nikifundisha kidogo natupa swali, dawati la mbele linageukia la nyuma, wanajadili kwa Kiswahili chao dakika mbili tatu, halafu nachagua mtu ajibu kwa Kiingereza, hata kikiwa cha kuungaunga poa tu, kucheka ndo marufuku. Wa kujibu namchagua mimi na hawajui nitamtaja nani, maana ukiwaachia wenyewe kipanga mmoja anafanya kila kitu wengine wanasindikiza (kazi za vikundi nyingi zinafia hapa, tuseme ukweli). Yule mwenye mdomo kuliko wote nampa kazi ya kuja mbele kueleza majibu ya kikundi chake, anajiandaa huyo! Somo la mmomonyoko wa udongo tulitoka nje tukaangalia mfereji uliochimbwa na maji ya mvua nyuma ya madarasa, wakapima kina kwa rula, wakabishana kwa nini upande wenye nyasi haujaliwa. Kelele zilikuwepo tena nyingi, ila zote za somo.

Kuhusu fimbo, Kenya waliipiga marufuku shuleni 2001. Sisi kanuni yetu ya 2002 bado inaruhusu, lakini visizidi viboko vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Karatasi ya monita imetajwa wapi hapo?

Najua wenzangu watasema silabasi haitaisha na mtihani wa taifa unasubiri. Kweli inachelewa kidogo, sikatai, ila hesabu na muda unaopotea ukikagua majina na kuchapa na kununa, na notsi walizonakili kimya wengi wao hawajazielewa, unarudia tena kabla ya moko, ule mtihani wa majaribio.

Mtaala wa 2005 ulishasema mwanafunzi ndo awe mtendaji, na kwenye andalio la somo kuna sehemu kabisa ya shughuli za mwanafunzi, tunajaza "kusikiliza na kuandika" mwaka mzima na tunagongewa muhuri. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, mkija shuleni msiishie kukagua faili ofisini, ingieni mkae nyuma kipindi kizima, mhesabu ni wanafunzi wangapi wamefungua mdomo kuongelea somo, na muiandike namba hiyo kwenye ripoti mnayomwachia mkuu wa shule.

Ni mimi mwalimu wa sekondari, Morogoro