Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi wa kaunti ya Kilifi: kabla hujapiga muhuri, uliza mboga zinachumwa wapi

Mheshimiwa Waziri, salaam aleikum, na nyinyi wengine mnaosoma pembeni hamjambo.

Najua barua zinazokufikia ofisini ni za mipaka na hati, ndugu wanagombania shamba la marehemu baba yao, maskwota wanataka kujua kesho watalala wapi, sasa hii yangu ni ya mboga, usicheke. Tena si mboga za kulimwa, ni zile tunazochuma tu, mchunga, mnavu, mwangani, mrenda, mchicha wa mwitu, na ukitaka matunda basi ukwaju, mabuyu, makunazi, mabungo, makoma. Watu waliniambia hiyo peleka kwa wa kilimo. Nikawaambia yule ana kazi yake ya mbegu na mbolea, na mboga hizi hazimdai mtu mbegu wala mbolea, zinadai mahali pa kuota na njia ya kuzifikia, na hivyo viwili viko mezani kwako wewe.

Mimi nimeolewa huku Ganda, Malindi, na mavyaa ndiye alienitembeza akanionyesha wapi kuna nini. Masika yakishika vizuri kila uwanja ulioachwa unajaa. Mchunga ndo mkubwa wao hapa kwetu, mchungu kweli kweli, ukiukata unatoa maziwa meupe, unachemshwa maji ya kwanza yanamwagwa halafu nyanya, kitunguu, tui zito la nazi na sima ya moto pembeni, na mtu wa Malindi akikwambia hajawahi kula hivyo muulize vizuri ametoka wapi. Wengine wanauchanganya na mkunde kupunguza uchungu, mavyaa anasema hao wanaogopa chakula. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini, ukikata majani leo siku si nyingi yamerudi, ndo maana mwenye mahindi anauchukia na sisi tunaupenda, mmea ni ule ule. Mwangani unapenda palipokuwa na zizi kwa sababu ya samadi. Mnavu ni majani tu, watoto tunawakataza vile vitunda vikiwa bado vya kijani. Na uyoga mheshimiwa, ule mkubwa unaotoka kwenye vichuguu mvua ikinyesha, ule haulimiki, unaishi na mchwa huko chini na mchwa wenyewe ndo wanaoutunza, kwa hiyo tingatinga likishasawazisha kichuguu basi yameisha, hakuna duka utaenda kununua mbegu yake. (Na kwa wanaosoma, uyoga si wa kujaribu jaribu, ule ambao hujaonyeshwa na mtu mzima anayeujua uache hapo hapo, kuna unaoua.)

Usidhani ni fujo, kuna taratibu zake japo hakuna aliyeziandika. Nazi, korosho na maembe ni za mwenyewe, hata iliyoanguka huokoti bila kuuliza. Lakini mboga ya mwitu kwenye shamba lililolala huiombi, unapita, unachuma majani, mzizi unauacha, ukimkuta mwenye shamba unamwamkia na akitaka unamwachia fungu. Mkunazi au mkwaju uliojiotea wenyewe ni wa anayefika. Wanaochuma wengi ni akina mama, na wengi wao hawana hata hatua moja ya ardhi kwa jina lao, wanachuma asubuhi, nusu inaliwa nyumbani, nusu inapelekwa sokoni mafungu ya shilingi 20 au 30, na hiyo ndo sabuni, ndo mafuta ya taa, ndo pesa ya daftari la mtoto.

Sasa imekuja hii ya ploti. Ardhi iliyolala miaka na miaka inauzwa, inakatwakatwa futi 50 kwa 100, savea anakuja na mawe yake ya bikoni, kwanza ni waya, halafu ukuta, halafu geti na askari aliyetolewa mbali asiyemjua mtu. Kuna sehemu huku tajiri mmoja alinunua, simtaji na sina ugomvi nae, akazungusha ukuta ukala njia ya miguu na mkwaju mkubwa ukabaki ndani. Hajajenga kitu mpaka leo. Mchunga unaota mle mpaka unazeeka unatoa maua yake ya njano na sisi tunauangalia kupitia kwenye tundu za geti, nawe unajua hakuna anaeula mle ndani, hata mbuzi hawaingii.

Kwa hiyo akina mama wamehamia kando ya barabara. Huko kuna vumbi na moshi wa malori, lakini hilo si kubwa, kubwa ni dawa ya kuua majani. Mtu anapiga dawa ploti yake au ukingo wa barabara na kuondoka, hakuna kibao, hakuna aliyeambiwa, na majani yaliyopigwa leo hayanyauki leo, yanachukua siku kadhaa yakiwa mabichi na mazuri kabisa. Mchumaji wa kesho asubuhi atajuaje? Anachuma, anauza, wewe unakula na sima. Hapo ndo nataka uone kwamba si habari ya maskini wa Ganda peke yao, hizo mboga zinafika mpaka mezani kwa watu wa mjini wenye gari.

Halafu kuna ile ya ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, Ganze na Magarini huko watu waliona cha kuona, mifugo ikaisha. Mgao ulikuja, tunashukuru, lakini mgao unakuja kwa lori na lori lina siku zake. Mbuyu wenyewe umesimama pale pale, unaweka maji kwenye shina na mabuyu yake yanakomaa kiangazi, wakati shambani hakuna kitu. Unga wake unatiwa kwenye uji, majani machanga ni mboga. Unga huo una vitamini C nyingi, gramu kwa gramu unalishinda chungwa mbali sana. Umoja wa Ulaya waliruhusu unga wa mabuyu uuzwe kwao kama chakula mwaka 2008 na sasa wanaukoroga kwenye juisi zao za afya, sisi tunayajua yale mekundu ya kupaka rangi na sukari tu, nayo matamu lakini mtoto anarudi nyumbani ulimi kama amekula rangi ya kucha.

Na wakati huo huo wa njaa, 2022, si mibuyu iling'olewa mizima mizima hapa hapa Kilifi ipelekwe Georgia, ile nchi ya upande wa Urusi, ikapandwe kwenye bustani, mpaka Novemba Rais akaamuru uchunguzi ufanywe. Mimi siwalaumu waliouza, mtu hana unga ndani na amekuja mtu na pesa mkononi utamwambia nini. Lakini mbuyu unakaa zaidi ya miaka kumi kabla hujaona buyu la kwanza, na maua yake yanafunguka usiku yanangoja popo, sasa ukiutoa mmoja umewatoa na popo wake na watoto wa kijiji kizima waliokuwa wanarusha vijiti pale. Kwenye hati ya shamba huo mti haukuandikwa popote. Hapo ndo shida yangu na hati, inaandika ekari, inaandika mipaka, wanaokula pale haiwaandiki.

Ajabu nyingine hii hapa. Ndani ya msitu wa serikali mchumaji ana utaratibu wake. Arabuko-Sokoke pale, Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu wanajamii wakijisajili chama na kukubaliana na shirika la misitu waline asali, wachume dawa za miti shamba, wakate nyasi, waokote kuni. Gede pale tangu 1993 watu wanafuga vipepeo vya msitu huo na kuuza pupa ng'ambo na msitu umesimama. Hata baharini kuna mpaka unaojulikana, mbuga ya bahari ya Malindi iko tangu 1968 na kila mtu anajua ndani yake huokoti hata kombe. Lakini ukitoka msituni ukaja kwenye mashamba ya kawaida huku, ambako ndo chakula cha kila siku kinachumwa, hakuna chochote, ni ukuta tu umeamka nao.

Najua utaniambia mtu amenunua kwa pesa yake, Katiba inamlinda. Sawa, nami sitaki kuingia jikoni kwa mtu. Ila Katiba hiyo hiyo kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki asilale njaa, na ile sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inasema kukata shamba ploti ni lazima upate ruhusa ya kaunti, na kaunti inaweza kuitoa kwa masharti. Nasema hayo masharti ndo mahali pangu. Wewe unaandika barabara ziwe mita ngapi, unaandika choo kikae wapi, ongeza mstari mmoja tu, njia ya miguu ya zamani ibaki wazi, na mibuyu, mikwaju na mikunazi iliyokuta shamba ichorwe kwenye ramani isikatwe bila sababu. Ardhi ya umma iliyobaki, zile pembe pembe za kaunti na kingo za barabara, zisipigwe dawa, na ikibidi basi kibao kisimame kabla na baada. Na ukiitisha mkutano wa maoni usiuweke saa nne asubuhi ukumbini mjini, saa hiyo wachumaji wako sokoni wanauza, watakuja watu wa ploti peke yao halafu itaandikwa wananchi walikubali. Uweke alasiri, chini ya mwembe, watakuja mpaka utawachoka.

Na sisi wenyewe tusijifanye malaika, wako kati yetu wanaovunja tawi zima la mkunazi kwa sababu ya kikapu kimoja, wako wanaolina asali kwa moto wakaunguza na mti, wako wanaoingia shamba la mtu usiku wakitoka na nazi wanasema walikuwa wanachuma mchunga. Mchunga gani wa usiku? Hao wakamatwe, wala hatutakuja kuwatolea dhamana, wao ndo wanaowapa watu sababu ya kujenga ukuta.

Sasa la haraka ni hili. Njia ya kwenda Kakuyuni kuna shamba kubwa, ubao wa ploti zinauzwa umeshasimama lakini mawe bado hayajapandwa. Mle kuna mikwaju, kuna mibuyu, vichuguu vya uyoga viko upande wa juu, na kuna njia inayotokea kisimani. Mpango wake utaletwa kwako uidhinishwe kama haujaletwa tayari. Usiupige muhuri kwanza, tuma afisa mmoja aje na ramani, si lazima uje mwenyewe. Mavyaa atampitisha mti kwa mti, mguu unamuuma siku hizi lakini kwa hilo amesema atatembea. Aje mapema kabla jua halijawaka, na avae viatu vya kufunika, kuna mbigili.

Wako,
Mchuma mboga wa Ganda, Malindi