Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakata Miti wa Mombasa

Ndugu wanachama, wazee mliotutangulia katika kazi hii, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, nawasalimu kwa heshima. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mambo ya vibali vya kaunti ataeleza katibu. Mimi naomba muda wangu wote niutumie kwa jambo moja lililoninyima usingizi tangu masika, nalo ni mtu wa kamba, yaani yule anayesimama chini na kuzuia uzito wa gogo wakati mkwezi yuko juu.

Kwa miaka mingi tumemwajiri mkwezi kwa uangalifu na mtu wa kamba kwa pupa. Mkwezi tunamfuata Kisauni, Likoni na hata Kilifi, tunaulizia habari zake kwa waliofanya naye kazi, na tunapatana ujira kabla ya siku ya kazi. Mtu wa kamba tunampata njiani asubuhi ileile, almuradi ana nguvu. Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu mwezi wa nne huko Tudor, kikosi changu kilipokuwa kikiondoa mwembe mkongwe uliooza kwenye panda. Mkwezi alikuwa amefunga kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, chini ya mahali anapokata, kama ipasavyo, na akakiachilia kipande cha shina. Kijana aliyekuwa chini, ambaye hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza, alishtushwa na mvuto, akaikaza kamba badala ya kuiacha iteleze. Gogo likasimama ghafla, mti mzima ukayumba kama mlingoti wa jahazi, kisha gogo likarudi likampiga mkwezi na kumvunja mguu. Anatembea sasa, alhamdulillahi, lakini hajapanda mti tena. Lawama ya siku ile si ya kijana. Ni yangu, kwa kuwa ndimi niliyempa kamba mtu ambaye sikumfundisha.

Naomba kila mwenye kikosi aifahamu hesabu ifuatayo kiasi cha kuweza kuwaeleza watu wake chini ya mti. Gogo bichi lenye upana wa sentimita 40 na urefu wa mita moja lina uzito wa takriban kilo 120. Likining'inia kwenye kapi, mahali kapi lilipofungwa panabeba karibu kilo 240, kwa sababu gogo linavuta upande mmoja wa kamba na anayelizuia anavuta upande wa pili. Hapo gogo limetulia. Likianguka hata nusu mita kabla ya kamba kukaza, kisha likazuiwa papo hapo, mzigo huo huongezeka mara kadhaa, na fundo nalo linapunguza nguvu za kamba ile ile tunayoitegemea. Tena, gogo la upana wa sentimita 60 halizidi lile la 40 kwa nusu, kama wengi wanavyodhani, bali linapita maradufu na kukaribia kilo 270. Ndiyo maana kamba huzungushwa kwenye shina la chini, mara mbili au tatu kulingana na uzito, ili msuguano ndio ulibebe gogo na mkono uongoze tu. Mtu wa kamba hajifungi kamba mkononi wala kiunoni, na hasimami chini ya mzigo.

Baada ya ajali ile tulimwomba mzee mmoja wa Mji wa Kale, aliyekuwa baharia wa majahazi, aje kutufundisha. Hakuanza na magogo. Alitundika ndoo ya maji iliyojaa pomoni kwenye tawi la mkungu, akawataka vijana waishushe hadi chini bila kumwaga, kila mmoja kwa zamu yake. Jioni ya kwanza kila mtu alilowa. Jioni ya nne wawili waliifikisha chini ikiwa imejaa, na mmoja wao ni yule kijana wa Tudor, ambaye leo ndiye ninayemwamini zaidi kwenye kamba.

Kuhusu kuajiri wakwezi, nina ushauri mmoja. Mkwezi wa minazi ana moyo na miguu ya kazi hii, lakini mnazi hauna matawi, kwa hiyo ujuzi wake haumfundishi tawi litaelekea wapi likikatwa. Msimpime kwa kasi ya kupanda. Msimamisheni mbele ya mti, mumwulize atafunga wapi na kwa nini, na kama angekataa kuupanda. Anayezunguka shina, akagonga, akatazama mizizi kabla ya kujibu, huyo mchukueni. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, udongo ni haba, na mti unaoonekana mzima unaweza kung'oka na mizizi yake baada ya mvua za masika na upepo wa kusi. Akiwa juu na msumeno wa mashine, afungwe sehemu mbili, asiutumie kwa mkono mmoja wala juu ya mabega, na chini awepo mkwezi wa pili aliyekwisha kuvaa mkanda, tayari kumfuata akizimia. Karibu na nyaya za umeme hakuna kupanda mpaka kampuni ya umeme ikate umeme.

Kamba zetu zinaharibiwa na jua, chumvi na mchanga. Chembe za mchanga huingia ndani ya nyuzi na kuzikata taratibu, huku nje kamba ikionekana nzima. Ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe kivulini, na iliyowahi kupokea mshtuko mkubwa isipandishwe mti tena, hata kama iligharimu fedha nyingi. Najua uchungu wa kuitupa kamba mpya, kwa maana ile ya Tudor niliikata vipande mwenyewe.

Nawakumbusha pia kwamba Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri kuwawekea bima wafanyakazi wake. Mkwezi wetu alitibiwa kwa mchango wetu, na nawashukuru mliotoa, lakini mchango si bima.

Kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura leo: mtu wa kamba aliyefunzwa alipwe ujira sawa na mkwezi, na asiyefunzwa asishike kamba ya mzigo katika kikosi cha mwanachama yeyote. Mafunzo ya ndoo yataendelea kila Jumamosi alasiri chini ya mkungu uleule, na kila kikosi kilete kamba zake zote zikaguliwe kabla ya masika.