Asante, dada wa Maktaba ya McMillan

Dada, hatukukuuliza jina, kwa hivyo tunakushukuru hapa hadharani. Asante kwa kutufafanulia, pale Nairobi, ngazini kando ya simba wa mawe wa maktaba, jinsi ya kumpata mshauri wa kazi yenye manufaa kwa jamii.

Hesabu kwanza: saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, miaka 40, ni saa 80,000 za kazi maishani. Kisha ukurasa wa daftari uliokunjwa sehemu tatu: tatizo ni kubwa kiasi gani, wangapi tayari wanalishughulikia, na mimi nitaongeza nini. Safu ya pili ndiyo watu huiruka, wakaishia kujazana palepale penye wengi.

Ujumbe wa kwanza kwa unayetaka akushauri usizidi mistari sita: wewe ni nani, umesoma nini kuhusu kazi yake, swali moja, na ombi la dakika 20 za kuzungumza. Usimwombe mtu awe mshauri wako siku hiyohiyo. Huo ni mzigo usio na kipimo, na wengi hunyamaza kwa sababu hiyo tu. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, basi. Wanaofaa zaidi mara nyingi si wakurugenzi, bali waliokutangulia miaka mitatu hadi mitano; bado wanakumbuka walivyoingia. Baada ya kikao, mwandikie ulichofanya kutokana na ushauri wake. Hapo ndipo kikao cha pili hupatikana.

Ulisisitiza safu ya tatu ijazwe kwa penseli, maana hubadilika. Zetu tayari zimefutwa na kuandikwa upya. Mungu akubariki sana, dada.